Maswali ya Wasomaji: Askari wa Mezani na Picha Walizotokana Nazo

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa kusini watuletee maswali kuhusu visanamu vya zamani vya askari, vile vya madini ya risasi na vya plastiki ambavyo wapenzi wa michezo ya vita huvipanga mezani. Barua zilizojibiwa hapa zimetoka Mtwara na Lindi. Tumezifupisha kidogo.

Assalaam aleikum wahariri. Katika sanduku la marehemu babu, aliyewahi kufanya kazi kwa Wazungu wa mradi wa karanga kule Nachingwea, tumekuta askari wadogo wa madini mazito. Wana tarbushi nyekundu, shati na kaptula za kaki, miguu peku, bunduki begani. Kila mmoja ana kitundu kichwani. Ni askari wa nani, na ni wa mwaka gani? (Mikindani)

Waalaikum salaam. Anzia kwenye hicho kitundu. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kusubu askari wenye uwazi ndani. Risasi iliyoyeyushwa ilimiminwa kwenye kalibu ya chuma. Ya pembeni iliganda kwanza kwa kuwa iligusa chuma, kisha fundi aliipindua kalibu upesi na ile ya katikati, ambayo bado ni maji, ikatoka kwa tundu lililoachwa kichwani. Kikabaki kisanamu chepesi kinachotumia madini kidogo, na bei ikashuka chini ya ile ya askari wa Kijerumani waliosubiwa wakiwa wamejaa. Britains waliachana na risasi mwaka 1966. Lakini tundu peke yake halitoshi kutaja kiwanda, maana wengine wa Uingereza kama John Hill & Co. waliiga mbinu hiyo hiyo.

Chukua rula na umpime mmoja kuanzia unyayo hadi utosi, bila kofia. Wa Britains wa kawaida hufika karibu milimita 54. Kisha geuza kitako, washa tochi ubavuni ili mwanga upite kwa mshazari, na utazame kwa lenzi. Utakuta jina la kampuni, neno la Uingereza, na pengine tarehe. Wengi hudanganyika hapo. Tarehe hiyo ni ya kusajili haki ya umbo, si ya siku kisanamu kilipotoka kiwandani. Umbo lililosajiliwa mapema liliweza kusubiwa kwa miongo.

Mavazi uliyoyataja yanafanana na seti ya King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, ambayo Britains waliiuza kabla ya Vita Kuu ya Pili. Jeshi hilo liliundwa mwaka 1902. Ila usikate shauri kwa rangi tu. Gharama kubwa ya kiwanda ilikuwa kuchonga kalibu. Rangi ilikuwa rahisi. Kwa hiyo mwili mmoja ulipakwa rangi za majeshi mawili au matatu na kuuzwa kwa majina tofauti. Linganisha mkao wa mguu, mkunjo wa kiwiko na namna bunduki ilivyolala begani, halafu ndipo utazame rangi.

Na hapa tuseme jambo litakalorudi katika majibu yote ya leo: kisanamu hakikuchongwa kwa kumtazama askari, kilichongwa kwa kutazama picha ya askari. Mchongaji wa London hakwenda Nairobi wala Lindi. Alikuwa na picha ya gwaride, na kwenye gwaride tarbushi nyekundu ndiyo inayopendeza. Picha za vitani za 1914 hadi 1918 zinaonyesha kofia za kaki zenye kitambaa cha kufunika shingo. Basi askari wa babu ni wa gwaride. Ukitaka kuwapanga kwenye mapigano ya Mahiwa ya Oktoba 1917, watakuwa wamevaa nguo za sikukuu kazini.

Usiwapake rangi upya. Rangi ya zamani nayo ni ushahidi, na ikishabanduliwa hairudi.

Mimi ni mchongaji wa mpingo hapa Newala. Nataka kuchonga askari na wapiganaji wa Vita vya Majimaji wa kimo cha visanamu vya zamani, milimita 54. Nitapata wapi mavazi na silaha za kweli? Picha za mtandaoni zinapingana. (Newala)

Fundi, zinapingana kwa sababu miaka imechanganywa. Askari wa Mjerumani wa 1890, wa 1905 na wa 1916 hawafanani, na mtandaoni wote huitwa kwa jina moja. Amua kwanza: mwaka gani, wilaya gani, upande gani. Tuseme umechagua bara ya Lindi, Agosti hadi Oktoba 1905.

Kwa upande wa askari wa Mjerumani, picha zipo nyingi. Walther Dobbertin alikuwa mpiga picha katika koloni lile kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na picha zake zimehifadhiwa katika Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, chini ya namba 105. Unaweza kuziona bila malipo. Chuo Kikuu cha Frankfurt nacho kina hazina kubwa ya picha za makoloni iliyowekwa wazi. Tafuta kwa kuandika Lindi, Kilwa, Mikindani. Maafisa wa Kijerumani waliandika majina ya miji karibu kama tunavyoyaandika sisi.

Ukishazipata, angalia mambo matatu.

La kwanza ni rangi. Sahani za picha za wakati ule hazikuuhisi wekundu vizuri, na zilihisi ubuluu kupita kiasi. Nyekundu ikatoka karibu nyeusi. Buluu ikatoka hafifu kama majivu au nyeupe kabisa. Tarbushi inayoonekana nyeusi pichani huenda ilikuwa nyekundu. Ukiona ngozi ya mtu imekuwa nyeusi tititi na mbingu nyeupe isiyo na wingu hata moja, jua sahani ilikuwa ya aina hiyo, na usisome rangi ya nguo kutoka humo.

La pili ni bunduki. Mwaka 1905 silaha ya kawaida ya askari ilikuwa Mauser ya muundo wa 1871, ya risasi moja moja, mtutu wa milimita 11, inayotoa moshi mwingi. Haina kasha la risasi chini ya mwili wake. Hata mwaka 1914, kati ya kombania 14 za askari, nyingi zilikuwa bado zina bunduki hiyo ya moshi. Visanamu vingi vya zamani vya Schutztruppe, yaani jeshi la koloni la Mjerumani, vimepewa Mauser ya 1898, kwa kuwa mchongaji alikuwa na picha ya askari wa Ulaya mkononi. Makosa hayo yamenakiliwa mpaka leo.

La tatu ni kama picha imepangwa. Wapiganaji wa Majimaji hawana picha za mapigano. Walizopigwa ni za mateka, au watu waliosimamishwa na kupewa mikuki washike. Tazama mikono: mtu aliyeshika mkuki wake mwenyewe huushika mahali pa uzani, aliyekabidhiwa na mpiga picha huushika popote.

Kwa hiyo upande wa wapiganaji utategemea maandishi na masimulizi zaidi kuliko picha. Gavana Adolf von Götzen alitoa kitabu chake kuhusu vita hivyo mwaka 1909. Kina taarifa za silaha na mahali, lakini kumbuka ni mtu anayejitetea. Kisha kuna Utenzi wa Vita vya Majimaji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliotungwa miaka michache baada ya vita na mtu wa hapa hapa. Hautakupa upana wa mshipi wala idadi ya vifungo; utakupa mahali, viongozi na mfuatano wa mambo, yaani nani alikutana na nani. Cha tatu ni masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na idara ya historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Humo utakuta gobore, mikuki na mishale vikitajwa na watu waliovitumia au waliowaona wanaovitumia. Nguo hazikuwa sare. Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa vitambaa vya biashara wakati huo, na mchanganyiko wa hizo mbili utafaa kuliko kuwavisha wote ngozi kama wachongaji wa Ulaya walivyopenda.

Sasa vipimo. Mtu wa mita 1.70 kwa kipimo cha 1/32 ni milimita 53. Mauser ndefu ya 1871 ilikuwa karibu mita 1.35, kwa hiyo bunduki yako iwe milimita 42, ikimfikia kifuani akiiegemeza chini. Usichonge mtutu kwa mpingo. Ukishafika wembamba wa milimita moja na nusu, nyuzi za mti hupasuka, hasa zikikatwa mshazari. Chonga kitako cha bunduki na mkono kwa pamoja, toboa shimo la kina cha milimita 5, uchomeke waya wa shaba nyeupe wa milimita 0.8 na uugandishe kwa gundi ya kuchanganya. Nyuzi za mti zisimame wima kufuata miguu. Zikilala, kifundo cha mguu kitavunjika siku ya kwanza. Mpingo una faida moja ambayo risasi haina: ganda la nje la gogo ni la manjano hafifu na moyo ni mweusi. Ukipanga vizuri, nguo ya merikani inatoka kwenye ganda na mwili kwenye moyo bila rangi yoyote. Hakikisha tu ganda hilo limekauka na halina dumuzi.

Ukitaka pia askari wa Waingereza wa vita vya 1914, nenda Dar es Salaam kwenye Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, kazi ya James Alexander Stevenson. Ni shaba, na unaweza kuizunguka. Piga picha kutoka pande nane, simu ikiwa usawa wa kiuno cha sanamu kadiri uwezavyo, maana ukipiga kutoka chini miguu itaonekana mirefu kuliko ilivyo. Lakini nayo ilichongwa baada ya vita.

Nafundisha historia Nachingwea. Nimepewa boksi la askari wa Kirumi wa plastiki, kimo kama milimita 24, wa miaka ya 1960. Vifuani wana mikanda inayokunjika kama ya ngozi. Vitabu vipya vinasema ilikuwa chuma. Nimwamini nani? (Nachingwea)

Vitabu vipya, mwalimu. Milimita 24 ni kipimo cha 1/72 au karibu yake, kile kilichoenea baada ya kampuni ya Airfix kuanza kutoa askari wadogo wa plastiki mwaka 1959.

Wachongaji wote wa Warumi walianzia mahali pamoja: mnara wa Trajan mjini Rome, uliokamilika mwaka 113, wenye michoro ya vita vya Dacia iliyouzunguka kutoka chini hadi juu. London kuna nakala yake ya plasta, kwa hiyo haikuwapasa kusafiri. Mnara unaonyesha mikanda kifuani, lakini jiwe halisemi kama ni ngozi au chuma. Wachoraji wengi wa zamani waliona ngozi. Mwaka 1964 huko Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, likafukuliwa sanduku lenye vipande vya vazi lenyewe: sahani za chuma zilizoshikwa ndani kwa kamba za ngozi, na bawaba za shaba. H. Russell Robinson alizipanga upya akapata vazi linalovalika. Visanamu vilivyochongwa kabla habari hiyo haijaenea vinafuata picha ya zamani, na ndivyo vyako vilivyo.

Mnara una hila nyingine mbili zitakazokufaa darasani. Silaha nyingi zilikuwa za shaba zilizochomekwa kwenye jiwe na zimepotea; ngumi zimebaki zimeshika hewa, na kila mchongaji akajaza alichokidhani. Pia mnara umewagawa watu kwa nguo ili mtazamaji wa chini asichanganyikiwe: askari walio raia wa Rumi wana mikanda, wasaidizi wana vazi la pete za chuma. Lakini mnara wa ushindi wa Adamclisi, Romania, wa vita vile vile, unaonyesha askari hao walio raia wakiwa na vazi la pete au la magamba na kinga ya mkono. Wape wanafunzi michoro hiyo miwili bila maelezo na waulize ni jeshi gani. Mabishano yao yatakuwa somo zuri kuliko kukariri tarehe. Ama kanzu nyekundu, haikutoka kwenye mnara, kwa kuwa marumaru ile leo haina rangi.

Ukitaka kuwapaka rangi, plastiki hiyo laini ina mafuta ya kalibu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, piga mswaki, acha ikauke usiku kucha, paka tabaka jembamba la gundi nyeupe iliyopunguzwa kwa maji, ndipo rangi ya maji. Ukiruka hatua ya gundi rangi itabanduka kwenye mikuki kila inapopinda. Mkono uliokatika usijaribu gundi ya papo kwa papo, haishiki plastiki hii. Pasha sindano moto, ichomeke pande zote mbili, uache ndani.

Nyumbani ni Sudi. Wazee husimulia meli ya Mjerumani iliyoingia hapa na mizinga. Nimepata mzinga mdogo wa mezani, wa zamani, wa madini ya risasi, umeandikwa 10.5. Je, ndio ule? (Sudi)

Inategemea urefu wa mtutu. Meli ile ni Marie, iliyopenya na kuingia ghuba ya Sudi Machi 1916 ikiwa na shehena ya silaha, pamoja na mizinga mifupi ya sentimita 10.5 ya kurusha juu. Lakini kulikuwa na mizinga mingine ya kipimo hicho hicho: 10 ya manowari Königsberg, iliyoangamia mtoni Rufiji Julai 1915, ambayo Wajerumani waliiopoa na kuitengenezea magurudumu Dar es Salaam. Hii ya manowari ina mtutu mrefu, mara 40 ya upana wa tundu lake, yaani mita 4.2. Kwa kipimo cha 1/72 ni milimita 58; kwa 1/32 ni milimita 131. Wako ukiwa mfupi na mnene, wenye ngao na magurudumu ya mbao, ni wa aina ya Marie. Ukiwa mrefu kuliko gari lake, ni wa manowari, na wa kulinganisha nao upo Fort Jesus, Mombasa.

Swali la mtoto wangu: ana mjusi mkubwa wa plastiki wa zamani, shingo ndefu, mkia unaburuta. Shuleni wamemwambia huyo ametoka Lindi. Kweli? (Lindi mjini)

Mifupa ndiyo imetoka Lindi. Wajerumani waliichimba Tendaguru kati ya 1909 na 1913, na wachukuzi wa kusini wakaibeba hadi bandarini. Mjusi huyo, yaani dinosaria, alisimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin mwaka 1937, mkia chini na viwiko vimetanuka, na wachongaji wa midoli wakafuata mkao huo kwa miongo. Mwaka 2007 Berlin walimsimamisha upya: mkia hewani, miguu ya mbele imenyooka, kimo mita 13.27. Kwa hiyo mdoli wenye mkia unaoburuta umefuata mkao wa kale. Kwa kipimo cha 1/72 angefika milimita 184. Wa kwako akiwa mfupi zaidi, asisimame karibu na askari wa mwalimu wa Nachingwea.

Mjusi wa plastiki aliwahi pia kuwa chanzo badala ya nakala. Baadhi ya mazimwi ya mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, yalibuniwa na Gary Gygax kwa kutazama pakiti ya wanyama wa ajabu wa plastiki kutoka Hong Kong. Baadaye wachongaji wa visanamu wakayachonga mazimwi hayo kwa risasi. Hapo usitafute mnyama wala kitabu cha kale, mwisho wa njia ni duka la midoli.

Visanamu vyangu vya risasi vimeota unga mweupe. Nimevisafisha kwa limau, vimezidi. Viko kwenye kabati jipya la plaiwudi. (Shangani, Mtwara)

Limau ni asidi, na asidi ndiyo iliyovila. Mvuke wa asidi kutoka kwenye plaiwudi mpya, mbao mbichi, gundi nyeupe au silikoni inayonuka siki, ukikutana na unyevu wa pwani, hugeuza risasi kuwa unga mweupe. Vitoe leo. Jifunge barakoa, nenda nje, sugua unga kwa brashi laini juu ya gazeti lenye maji, kunja gazeti utupe. Unga huo ni sumu, watoto wakae mbali, nawa mikono. Suuza kwa maji safi, kausha kwa kitambaa kisha masaa kadhaa mahali pakavu penye hewa. Hifadhi kwenye kontena la plastiki la chakula pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe au uvikaushe upya kila masika. Vilivyoathirika vitengwe. Kabati tumia kwa vitabu.

Shujaa wa Viking mwenye kofia ya pembe: je, ana chanzo chochote? (Masasi)

Anacho, ila si cha Waviking. Pembe hizo zilienezwa na mavazi ya jukwaani ya Carl Emil Doepler kwa opera za Wagner mwaka 1876. Kama kisanamu ni cha risasi na unataka kumpeleka vitani, kata pembe kwa koleo dogo, lainisha kwa tupa iliyoloweshwa ili vumbi lisiruke, ziba alama kwa gundi ya kuchanganya. Kama ni cha kabla ya miaka ya 1960 na rangi yake bado ipo, mwache na pembe zake.